Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mwanamke mwenye uvimbe wa kizazi aulizwe kabla ya kupangiwa

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Nchi, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya,
na Waganga Wafawidhi wa hospitali za umma.

Yah: KUMSHIRIKISHA MWANAMKE MWENYE UVIMBE WA KIZAZI KATIKA MATIBABU YAKE

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Mkoa wa Morogoro. Nina umri wa miaka 38, na mitano kati ya hiyo nimeishi na uvimbe kwenye kizazi, ule ambao madaktari huuita faibroidi na sisi mtaani tunauita uvimbe tu, kana kwamba mwili wa mwanamke hauwezi kuvimba pengine popote. Siandiki ili kumshtaki mtu. Hospitali nilikoanzia matibabu siitaji, na daktari simtaji, kwa sababu nimezungumza na wanawake wengi kiasi cha kutambua kwamba yaliyonipata kule yangeweza kunipata kwingine. Naandika kwa ajili ya jambo moja lililochelewa mno kutokea: ilinichukua miaka minne, tangu zahanati ya kata hadi wodi ya upasuaji, kukutana na mtumishi wa afya aliyeniuliza mimi mwenyewe nataka nini.

Naomba nianze na namna ugonjwa huu unavyoishi na mtu, maana nahisi wengi wanaoupangia bajeti hawajapata kuuona kwa karibu. Kipindi kimoja cha darasani ni dakika 40. Siku ya pili na ya tatu ya hedhi yangu, pedi mbili zilizobebana pamoja na kipande cha kanga juu yake zilivuka kipindi kimoja kwa shida, na cha pili hazikuvuka. Kwa mwaka mzima nilivaa sketi nyeusi peke yake. Nilifundisha nikiwa nimesimama kwa kuhofia kuacha alama kwenye kiti, na nikisimama muda mrefu kizunguzungu kilinishika, hivyo nikawa naegemea meza ya mbele kama mtu anayetafakari swali gumu la hesabu. Siku moja kiranja wa darasa la tatu, mtoto wa miaka 9, alinisogelea ubaoni akaninong'oneza, "Mwalimu, usigeuke," kisha akaenda kuchukua kanga kwenye mkoba wangu na kunifunga kiunoni mbele ya wenzake zaidi ya 80, kana kwamba ni mchezo tulioupanga mimi na yeye tangu asubuhi. Hakusema neno jingine, wala mimi sikusema. Mtoto yule alikuwa mtu wa kwanza kuushughulikia ugonjwa wangu kwa heshima.

Zahanati nilikwenda mara nyingi. Nilieleza kwamba moyo unakwenda mbio nikipanda mlima mdogo wa kwenda nyumbani, nikatobolewa kidole, nikaambiwa damu ipo chini, nikapewa FEFO, vidonge vya kuongeza damu. Vidonge vile vyekundu nilivimeza kwa awamu kwa karibu miaka miwili, na katika muda huo hakuna aliyeniuliza damu hiyo inakwenda wapi. Nilipoanguka stendi ya daladala na kukimbizwa hospitali, kipimo kilisoma 6.4, wakati Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Niliongezewa chupa mbili, na ndipo kwa mara ya kwanza nikapelekwa kwenye kipimo cha ultrasaundi. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini mwetu wana upungufu wa damu. Sababu zake ni nyingi, zikiwamo lishe, malaria, minyoo na uzazi wa karibu karibu, na mimi sidai kwamba wote hao wana uvimbe. Ninachodai ni kwamba swali kuhusu wingi wa hedhi halina gharama, na mwanamke anayebadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, anayetoa mabonge makubwa, au ambaye siku zake huzidi saba, hapaswi kurudishwa nyumbani na vidonge vya kuongeza damu peke yake.

Majibu ya ultrasaundi yaliandikwa kwa Kiingereza kitupu. Mpimaji alinisomea jambo moja tu, tena kwa sauti iliyowafikia waliokuwa nje ya pazia: "Mama, kizazi chako kina ukubwa wa mimba ya wiki 16." Najua hiyo ndiyo lugha ya kitaalamu ya kueleza ukubwa wa kizazi, na najua hakukusudia ubaya. Hata hivyo, kati ya waliokuwa nje ya pazia lile alikuwamo jirani yangu, na kabla jua halijazama mtaa wetu ulikuwa umekwisha kunipa ujauzito.

Kliniki ya bingwa nilikuwa namba 47. Daktari alikuwa amechoka, na haki yake kuchoka, kwani nyuma yangu bado palikuwa na foleni hadi kwenye korido. Aliitazama karatasi, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema wawili. Akasema, "Wanatosha. Tutakitoa kizazi. Jumatatu uje na mumeo asaini." Mlango ulikuwa wazi na mgonjwa namba 48 alikuwa amekwisha kuingia na kusimama nyuma ya kiti changu. Nilipojaribu kuuliza kama kuna njia nyingine, jibu lilikuwa kwamba njia nyingine ni kuendelea kuvuja. Yote hayo yalichukua kama dakika nne. Nilikuwa na sababu zangu za kutaka kubaki na kizazi changu. Sitazitaja hapa, kwa kuwa mahali pa kuzitaja palikuwa ndani ya chumba kile, nami sikuulizwa.

Sasa niruhusuni nizungumze kidogo juu ya saini ya mume. Sina ugomvi na mume kushirikishwa. Wangu alinibeba mgongoni siku mbili tofauti, na ningependa awe chumbani kila daktari anapoeleza. Lakini kumpa nafasi ya kusikia ni jambo moja, na kumfanya mwenye idhini ni jingine. Sijasikia mwanamume wa ngiri au wa tezi dume akiambiwa aje na mkewe asaini ndipo apasuliwe. Mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu, nasaini mikopo, nasaini matokeo ya watoto wa watu, na mwili ninaolala nao kila usiku ndio niliozuiwa kuusainia.

Nilipolazwa kwa ajili ya kuongezewa damu mara ya pili, kitanda cha pembeni alikuwapo mama lishe mmoja mwenye umri wa miaka 44 ambaye alikuwa ametokwa na damu kwa miaka sita. Hakuwa na mtoto, na alikwisha kuacha kumtafuta. Yeye alitaka kizazi kitoke, alitaka arudi kwenye sufuria zake, alitaka kulala usiku mmoja bila kutandika nailoni. Akaambiwa hapana, "huna mtoto, utajuta," na ndugu wa mume wakaitwa kutoa maoni. Usiku tulikuwa tunacheka gizani, kicheko cha watu wasio na la kufanya, tukisema laiti tungeweza kubadilishana mafaili: mimi nilitaka kubaki nacho nikaambiwa kitatolewa, yeye alitaka kukitoa akalazimishwa kubaki nacho. Waheshimiwa, haya si makosa mawili. Ni kosa lile lile lililotazamwa kutoka pande mbili za wodi, na ndilo lililonifanya nione kwamba tatizo si kwamba madaktari wanapenda kupasua au wanaogopa kupasua. Tatizo ni kwamba uamuzi unafanyika kwa kuhesabu watoto wetu, na mwenye mwili hakuhesabiwa.

Ugonjwa wenyewe si wa watu wachache. Utafiti uliofanyika Washington nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2003, ambao uliwapima wanawake kwa ultrasaundi bila kujali kama wana dalili, ulikadiria kuwa kufikia umri wa miaka 50 wanawake weusi zaidi ya 80 katika kila 100 watakuwa wamepata uvimbe huu, na weupe wanakaribia 70. Ulionyesha pia kwamba kwa wanawake weusi uvimbe huanza mapema zaidi. Wengi wao hawatajua kamwe kama wanao, kwa sababu hauwasumbui, nao hawahitaji tiba yoyote zaidi ya kuelezwa kwamba si saratani, kwamba kugeuka saratani ni jambo la nadra mno, na kwamba kwa kawaida husinyaa baada ya hedhi kukoma. Maneno hayo matatu, yakisemwa kwa utulivu, yangewaondolea hofu maelfu ya wanawake ambao sasa wanaambiwa "una uvimbe" na kuachwa wakaandike wosia.

Kwa wale wanaosumbuliwa, njia zipo kadhaa, na nilizijua kwa kuhangaika mwenyewe badala ya kuelezwa. Ipo asidi ya traneksamiki, dawa ya kukata damu ambayo wakunga wetu wanaijua vizuri kwa ajili ya mama anayetoka damu baada ya kujifungua. Iligunduliwa na Utako Okamoto, daktari mwanamke wa Japani, pamoja na mumewe Shosuke, wakaitangaza mwaka 1962. Humezwa siku za hedhi tu, haiyeyushi uvimbe, lakini inaweza kumrudisha mwalimu darasani. Kipo kitanzi chenye homoni ya levonojestreli, ambacho kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015 na hupunguza sana damu iwapo uvimbe haujaharibu umbo la ndani la kizazi. Zipo dawa za homoni za kusinyaza uvimbe kwa muda, hasa kabla ya upasuaji. Upo upasuaji wa kutoa uvimbe na kukiacha kizazi, na uvimbe uliojitokeza ndani ya kizazi unaweza kutolewa kupitia ukeni bila mshono wa tumboni. Na upo upasuaji wa kuondoa kizazi chote, ambao ndio pekee unaohakikisha uvimbe hautarudi, na ambao mwanamke anapaswa kuambiwa wazi kwamba vifuko vya mayai vikiachwa hautamzeesha siku hiyo hiyo, wala haumalizi uanamke wake wala ndoa yake.

Kwenye njia moja naomba nitue kidogo kwa sababu ya historia yake. Miaka ya 1990 jijini Paris, Jacques Ravina na wenzake walikuwa wakiziba mishipa ya damu inayolisha uvimbe kwa chembechembe ndogo zinazopitishwa kwenye mrija mwembamba, na lengo lao lilikuwa kupunguza uvujaji wa damu wakati wa upasuaji ambao ungefuata baadaye. Baadhi ya wagonjwa, kabla ya siku ya upasuaji kufika, wakaona dalili zimepungua kiasi kwamba upasuaji haukuhitajika tena. Wangeweza kuambiwa wanyamaze na wasubiri zamu yao. Badala yake maelezo yao yalichukuliwa kuwa habari muhimu, matokeo yakachapishwa mwaka 1995, na leo kuziba mishipa ni tiba inayosimama yenyewe. Hapa kwetu mafunzo ya radiolojia tiba, yaani kutibu kwa kuongozwa na picha za vipimo, yalianza Muhimbili mwaka 2018 kwa kushirikiana na walimu kutoka Chuo Kikuu cha Yale, kwa hiyo mikono ya kufanya kazi ya namna hii inaandaliwa humu humu nchini.

Sisemi njia hizi zina uzito sawa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha wanawake 254, ulilinganisha kuziba mishipa na kutoa uvimbe kwa upasuaji. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na la upasuaji lilikuwa na hali bora kwa kiasi. Daktari akiusoma utafiti huo anajua kitu kuhusu wastani wa wanawake 254. Hajui bado kama mwanamke aliye mbele yake anataka mtoto, jambo ambalo hupunguza sana mvuto wa kuziba mishipa. Hajui kama anaogopa zaidi kisu kuliko kurudi hospitali tena baada ya miaka mitatu. Hajui kama analima na hana mtu wa kumlimia wiki sita za kupona mshono, au kama amebakiza miaka michache hedhi ikome na angeweza kuvumilia kwa msaada wa dawa. Mambo hayo hayaonekani kwenye ultrasaundi wala kwenye darubini. Yanapatikana kwa kuuliza, na kwa sababu majibu yake hubadilisha tiba, kuuliza kunapaswa kuhesabiwa kuwa ni kipimo kama vilivyo vipimo vingine, kiandikwe kwenye faili, na mgonjwa asipangiwe upasuaji usio wa dharura kabla majibu yake hayajarudi.

Nitajibiwa kwamba madaktari bingwa ni wachache na muda hautoshi. Ni kweli, namba 47 naikumbuka. Lakini nchi hii inajua tayari kufanya jambo hili bila kumsubiri bingwa. Nendeni kliniki yoyote ya uzazi wa mpango mkamtazame muuguzi akifungua bangokitita lake: anaonyesha vidonge, sindano, vijiti, kitanzi na kondomu, anaeleza uzuri na kero ya kila kimoja, halafu anauliza, "Sasa mama, wewe ungependa kipi?" Mwanamke ambaye hakumaliza darasa la saba anachagua, na anachagua vizuri. Nendeni pia mkakumbuke namna tulivyojenga ushauri nasaha wakati wa janga la UKIMWI, ambapo ilikubalika nchi nzima kwamba majibu mazito hayarushwi koridoni, kwamba mtu hukalishwa, hufungiwa mlango, huelezwa, huulizwa. Kwa nini mwanamke yule yule, akivuka korido kutoka chumba cha uzazi wa mpango kwenda kliniki ya magonjwa ya wanawake, akili yake ya kuchagua ibaki nje ya mlango?

Nafasi tuliyoiacha wazi imejazwa na wengine. Baada ya zile dakika nne, nilipiga simu kwa muuza dawa mmoja wa mtandaoni aliyetangaza kuyeyusha uvimbe kwa siku 21. Alinisikiliza kwa dakika 40. Aliniuliza hedhi inaanza siku gani, inaumaje, ndoa ikoje, nina hofu gani, akanitumia ujumbe usiku kunijulia hali. Kisha akaniuzia unga na vidonge vya kuweka ukeni kwa shilingi laki mbili na nusu, ambavyo havikuyeyusha chochote isipokuwa akiba yangu, na vile vya ukeni vikaniachia maambukizi yaliyonirudisha hospitali. Nimesoma hadi chuo, nafundisha sayansi, na nililipa. Anayetaka kuelewa kwa nini wanawake wanamiminika huko asitafute ujinga wetu. Atafute zile dakika 40, na ajiulize ni wapi katika mfumo wa Serikali tungeweza kupewa hata 15. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lina wajibu wake juu ya matangazo ya namna hii, lakini hata likiyafuta yote, wateja wataendelea kuwapo mpaka tusikilizwe.

Ombi langu kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya ni kwamba mwongozo wa taifa wa matibabu, ambao toleo la mwaka 2021 lina pia orodha ya dawa muhimu, utakapopitiwa tena uweke mazungumzo haya kuwa sehemu ya tiba ya uvimbe wa kizazi, na useme bayana kwamba mwanamke mtu mzima ndiye mwenye idhini ya mwili wake. Fomu ya idhini iandikwe kwa Kiswahili, na si tafsiri ya kisheria inayomtoa mtu jasho, bali maneno ambayo mama lishe anaweza kusomewa akaitikia au akakataa. Kiwepo pia kipimo cha madhara ya ugonjwa kwa maisha, siyo kwa sentimita peke yake. Tangu mwaka 2002 kuna dodoso la kimataifa la wagonjwa wa faibroidi lenye maswali 37, yanayogusa damu, kubanwa nyongani, uchovu, kazi, tendo la ndoa na wasiwasi. Hospitali zetu zikianza hata na maswali kumi ya Kiswahili safi, zitagundua kwamba uvimbe wa sentimita tatu uliokaa vibaya unaweza kumlaza mwanamke kitandani, na wa sentimita kumi uliokaa vizuri ukamwacha akacheza ngoma.

Kwa Waziri wa TAMISEMI, ambaye zahanati na vituo vya afya viko chini ya ofisi yake, naomba yale maswali ya hedhi yaingie kwenye utaratibu wa kila mwanamke anayekutwa na damu pungufu, na dawa ya kukata damu ifike angalau kituo cha afya kwa matumizi ya hedhi nzito, siyo wodi ya wazazi pekee. Kambi za madaktari bingwa zilizoanza kuzunguka halmashauri mwaka 2024 ni jambo jema, nami nimeona foleni zake. Lakini kambi ya siku chache hupima watu wengi na kuondoka, hivyo mwanamke abaki na karatasi ya Kiswahili inayosema ana uvimbe wa aina gani, umekaa wapi, ana hiari zipi, na muuguzi gani wa hospitali ya wilaya atakayeendelea kuzungumza naye.

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wangu hukatwa na mwajiri wangu huongeza 3 nyingine, na silalamiki juu ya hilo, maana bila kadi ile nisingeongezewa hata chupa moja ya damu kwa wakati. Ombi langu linahusu yajayo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inahitaji kitita cha mafao kipangwe, na kitita ndicho kinachoamua kwa kimya kile ambacho daktari atakitamka kliniki. Hiari ambayo haimo kwenye kitita si hiari kwa mwalimu wala kwa mkulima. Naomba basi tiba za uvimbe wa kizazi ziandikwe kwa majina yake, moja moja, kwa lugha ambayo mwanachama anaweza kuisoma kabla hajapanga foleni, na muda wa ushauri utambuliwe kuwa huduma inayolipwa. Kisichokuwa na bei kwenye orodha, hospitali haina sababu ya kukitengea chumba.

Waganga wafawidhi siwaombi fedha. Nawaomba mlango ufungwe mgonjwa anapozungumza, na mgonjwa namba 48 asubiri nje.

Mwaka wa nne wa safari yangu nilipewa rufaa kwenda hospitali nyingine. Daktari wa huko, kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha, alivuta kiti akakaa upande wangu wa meza, akafunika faili, akasema, "Dada, kabla sijakwambia ninachofikiri, niambie wewe unataka maisha yako yaweje mwakani." Nilishindwa kujibu kwa muda, kwani jibu nilikuwa nimelitunza miaka minne hadi likaanza kusahau njia ya kutoka. Muuguzi wake alinichorea kizazi nyuma ya karatasi ya maabara, akaonyesha kila uvimbe ulipo, akaniambia kwamba nikichagua kutoa uvimbe peke yake huenda ukarudi, kwamba damu inaweza kumwagika nyingi siku ya upasuaji, na kwamba nikija kupata mimba huenda nikajifungua kwa upasuaji. Niliyasikia yote, nikachagua hivyo hivyo. Walitoa vivimbe sita. Kipimo cha damu cha mwezi uliopita kilisoma 11.9, na ultrasaundi imeonyesha kimoja kidogo kimeanza upya. Sikushtuka, maana niliambiwa. Yule mama lishe tuliyelazwa pamoja bado anasubiri.

Ule mchoro wa nyuma ya karatasi ya maabara ninao. Mimi na wanawake wenzangu watano tumeanza kuugeuza kuwa ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye picha ya kizazi upande mmoja na maswali ya kumuuliza daktari upande wa pili. Tumeuandika kwa mkono, kwa mwandiko wa ubaoni. Tunahitaji daktari bingwa wa kuuhakiki, na kibali cha Wizara ili uruhusiwe kubandikwa na kugawiwa kliniki. Nikiitwa Dodoma nitauleta mwenyewe, siku yoyote ya likizo.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro.